Kuchora Ziwa kwa Ndani

Picha ya Ziwa Mweru ambayo mchoraji yeyote anaweza kuichora akiwa Nchelenge inajulikana kabla hata hajatia brashi kwenye rangi: mtumbwi mmoja mbele, maji mapana katikati, na mbali kabisa, upande wa Kongo, ukanda wa vilima ambapo jua linazama. Ni picha nzuri na haina uongo ndani yake. Nchelenge iko ufukoni mwa mashariki, mkabala na machweo, na ziwa lenyewe ni kubwa: kilomita za mraba zaidi kidogo ya 5,000, kwenye mwinuko wa mita 900 na ushei kutoka usawa wa bahari. Ila picha hiyo ina kasoro moja ambayo ustadi wa mkono hauwezi kuifuta. Ingeweza kuchorwa mwaka 1930, ikachorwa tena 1955, ikachorwa leo, na zote tatu zikawa sawa, ilhali ndani ya miaka hiyo ziwa limegeuka kiasi kwamba mvuvi wa 1930 asingejua avue nini wala avue saa ngapi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mchoraji wa mandhari aliyeielewa nchi hii ya Luapula, Mweru na Katanga kuliko wengine ni yule aliyeuacha upeo wa macho nje ya picha zake kabisa, mtu ambaye vitabu vingi vinamweka kwenye kundi la wachoraji wa wanyama na mapambo. Jina lake ni Pilipili Mulongoy. Alizaliwa mwaka 1914, akafanya kazi yake Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, na akafariki mwaka 2007.

Tuanze na ziwa, kwa sababu bila kulijua hatuwezi kuipima picha. Mto Luapula unatoka kwenye vinamasi vya Bangweulu, unazunguka ukiwa mpaka kati ya Zambia na Kongo, kisha unaingia Mweru kwa upande wa kusini, penye maji ya kina kifupi, matete, mafunjo na vidimbwi visivyohesabika. Upande wa kaskazini, pale Pweto, maji yanatoka kwa jina la Luvua na kwenda kuungana na Lualaba. Mpaka wa kikoloni, uliopatanwa kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo mwaka 1894, uliligawa ziwa hilo, lakini samaki hawakugawanyika, na wala soko halikugawanyika. Reli ilipofika Elisabethville mwaka 1910 na machimbo ya shaba yalipoanza kukusanya maelfu ya wafanyakazi, ilihitajika posho ya kuwalisha. Kasenga, mji mdogo ulio kando ya Luapula, kilomita 200 hivi kutoka Elisabethville, ukawa bandari ya samaki. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga maghala pale, wakaleta boti, wakanunua kutoka kwa wavuvi wa pande zote mbili, na samaki wabichi na wakavu wakapakiwa kwenye malori kuelekea kwenye shaba. Mji ambao Pilipili aliuchoria ulikula ziwa hili kila siku.

Samaki aliyebeba biashara hiyo kwa miaka mingi aliitwa mpumbu. Mvua zilipoanza, mpumbu walitoka ziwani kwa makundi makubwa na kupanda Luapula kwenda kutaga. Kila mtu aliyeishi bondeni aliujua msimu huo, na mayai yao yalikuwa kitoweo kilichosubiriwa. Tatizo ni kwamba samaki anayesafiri kwa kundi, kwa njia moja, majira yaleyale, akiwa na mayai tumboni, ndiye rahisi kuliko wote kumalizwa. Nyavu za makila zilitandazwa kwenye njia yake, bei ya mjini ikavuta nyavu zaidi, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 misafara ile mikubwa ilikuwa imekwisha. Wavuvi wakaegemea zaidi kwa pale, samaki wa jamii ya perege, na zilipoenea nyavu za nailoni pale naye akaanza kupungua. Kuanzia miaka ya 1980 hivi, aliyeshika soko la Nchelenge na Kashikishi ni chisense, samaki mdogo kama dagaa, anayevuliwa usiku kwa taa, akaanikwa juani mchangani, na kupelekwa miji ya shaba na wachuuzi ambao wengi ni wanawake. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, Pilipili mwenyewe kwa mfano, ziwa lilibadilisha samaki wake mkuu mara mbili. Ukisimama Nchelenge na kutazama magharibi huoni hata dalili ya hayo. Mawimbi yaleyale, vilima vilevile.

Kuchora kwa upeo wa macho kuliingia ukanda huu na wageni, na kulikuwa na kazi maalumu. Thomas Baines, aliyekuwa mchoraji wa msafara wa Livingstone kwenye Zambezi mwaka 1858 na akafukuzwa mwaka uliofuata, alirudi mwaka 1862 akachora Maporomoko ya Victoria. Chapa zake zilizotolewa London mwaka 1865 zikawafanya watu wa huko wadhani wameyaona. Karibu zaidi na Mweru alipita Léon Dardenne, Mbelgiji, aliyeajiriwa rasmi kuwa mchoraji wa msafara wa kisayansi wa Charles Lemaire huko Katanga kati ya 1898 na 1900. Lemaire alipima nyota ili kujua mahali hasa palipo mito na vilima vya nchi iliyodaiwa na Mfalme Leopold. Dardenne aliiweka nchi hiyohiyo kwenye karatasi kwa rangi za maji, na kazi zake zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, nje ya Brussels. Alikuwa stadi, na mwanga wa asubuhi za Katanga aliushika vizuri. Lakini inafaa tuelewe macho yake yalisimama wapi. Mandhari ya aina hiyo humtaka mchoraji asimame mahali pamoja, palipoinuka ikiwezekana, avipange vitu kutoka karibu hadi mbali, na vile vya mbali avififishe. Msafiri anaiona nchi hivyo kwa sababu anapita. Mpimaji ramani anaiona hivyo kwa sababu anataka kujua ukubwa wake. Picha inaeleza nchi imeenea wapi na wapi. Nani anaishi ndani yake na kwa kula nini, inanyamaza.

Pilipili alifika kwenye uchoraji kwa njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mfaransa mmoja aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, Pierre Romain-Desfossés, alikaa Elisabethville na mwaka 1946 akafungua karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Alikusanya vijana na watu wazima wa Kikongo, akawapa karatasi, turubai na rangi, na akaweka kanuni iliyowashangaza Wazungu wenzake: hakuna kunakili picha za Ulaya, hakuna somo la umbali na kivuli, kila mmoja achore anachokijua. Pilipili alikuwa amepita miaka 30 alipojiunga. Jambo hilo lina uzito, maana mtu wa umri huo anakuwa ameshamaliza kujifunza namna ya kutazama. Anachokosa ni rangi tu. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, karakana ikaingizwa kwenye Akademia ya Sanaa iliyoongozwa na Laurent Moonens, na wachoraji wake wakuu wakaendelea na kazi hata baada ya uhuru wa 1960.

Sasa zitazame picha zenyewe. Mara nyingi ni karatasi au turubai ya ukubwa wa wastani, na imejaa pembe hadi pembe. Samaki anamfuata samaki kati ya majani ya majini, ndege amelala juu ya mayai na nyoka anapanda kwenye tawi, mamba amefungua kinywa, kanga wanadonoa. Nyuma yao hakuna anga tupu wala maji matupu. Kila nafasi imetiwa vitone, vistari vifupi, majani yanayorudiwarudiwa, na umakini uliotumika kwenye magamba ya samaki ndio huohuo uliotumika kwenye jani alilopita chini yake. Hakuna kilichofifishwa kwa sababu kiko mbali, kwa kuwa hakuna mbali. Hakuna kivuli kinachokuambia ni saa ngapi. Mtazamaji hajui asimame wapi kuitazama nchi hiyo, na polepole anagundua kwamba hatakiwi kusimama nje yake. Ameshawekwa ndani, kwenye kimo cha samaki au cha kiota. Jambo la pili linalojitokeza ni kwamba karibu kila picha ina tukio la kula au kuzaa. Nani anamla nani, nani analinda mayai ya nani, nani amejificha na kwa nini. Mvuvi hulitazama ziwa hivyohivyo. Hamuulizi mwenzake lina upana gani. Anamuuliza samaki wametaga wapi, maji yamepanda hadi wapi kwenye matete, kulastara wametua upande gani.

Hapo nasema kwamba kazi hizi ni mandhari kwa maana kamili ya neno, na natarajia pingamizi. La kwanza ni rahisi kulisema: mandhari ni picha ya mahali, na samaki waliozungukwa na vitone si mahali popote. Pingamizi hili linachukulia kwamba mahali ni umbo la ardhi. Watu wa bonde la Luapula wana simulizi ya zamani inayolitazama jambo hili kwa namna tofauti. Nachituti, dada yake Nkuba aliyetawala Washila, aliuliwa mwanawe na kaka yake huyo. Akaenda kwa Mwata Kazembe wa Walunda kuomba kisasi, na Kazembe alipomuua Nkuba, Nachituti akampa nchi pamoja na maji yake. Mwanahistoria David Gordon alikipa kitabu chake cha 2006 kuhusu bonde hili jina la zawadi hiyo, na akaonyesha kwamba hadithi ilikuwa na kazi: ilieleza nani anatawala watu, na nani bado ana sauti juu ya vidimbwi na mavuo. Kila mwaka mwishoni mwa Julai, huko Mwansabombwe, sherehe ya Mutomboko inamrudisha Kazembe mbele ya watu kama mtawala wa nchi hiyo. Katika fikra hiyo mahali hupatikana kwa uhusiano: damu iliyomwagika, zawadi iliyotolewa, haki ya kuvua kidimbwi fulani. Umbo la kilima halitoshi kukueleza uko wapi. Mchoraji anayeonyesha viumbe wakiwa wamefungamana kwa kula na kuzaa yuko karibu na maana hiyo ya mahali kuliko yule anayepima umbali wa vilima. Sidai kwamba Pilipili aliichora simulizi ya Nachituti. Nadai kwamba macho yake na simulizi hiyo vinakubaliana kuhusu nchi ni kitu gani.

Wala hakuwa peke yake katika Afrika ya upande huu. Sam Ntiro, Mtanzania wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere chini ya Margaret Trowell na baadaye akawa balozi wa Tanganyika London, alichora miteremko ya nyumbani kwake ikiwa imejaa migomba na watu wakifanya kazi kwa pamoja. Picha yake ya 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960. Huko hakuna anayesita kumwita mchoraji wa mandhari, ingawa nchi yake inajulikana kwa kazi inayofanyika humo kuliko kwa mlima wenyewe. Tofauti ya Ntiro na Pilipili ni kwamba Ntiro alipita shule za sanaa zenye majina, na kwake watu ndio waliojaza nchi. Kwa Pilipili mara nyingi ni samaki na ndege. Sioni kwa nini kundi la watu wakilima liwe mandhari, na kundi la samaki wakitaga lisiwe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wanasema picha za Hangar ni ndoto ya Mzungu: Romain-Desfossés alitaka Mwafrika safi asiyeguswa na shule, akamtengenezea, na wanunuzi wa Kibelgiji wakafurahi kuona kile walichokitaka. Kuna ukweli hapa na haufai kufichwa. Kumkataza mtu mzima asione picha za Ulaya katika mji wa reli, sinema na machimbo kulikuwa amri ya bwana kwa watu ambao hawakuwa na nafasi ya kuikataa, na wazo la usafi wa Kiafrika lilifaa sana serikali iliyokuwa ikiogopa Waafrika waliosoma. Lakini mwalimu akiwa ndiye chanzo cha picha, wanafunzi wake wangefanana, na hawakufanana. Bela Sara, aliyetoka Chad, alichora kwa ncha za vidole, akigusisha rangi kidole kwa kidole. Mwenze Kibwanga alijenga kila umbo kwa vistari vifupi vya sambamba, watu na wanyama wakitokea humo kwa rangi za udongo. Pilipili alikuwa na vitone vyake na majani yake. Watu watatu, chumba kimoja, kanuni moja, na hakuna anayeweza kuchanganya kazi ya mmoja na ya mwingine.

Tena, kuchora bila upeo kulikuwapo ukanda huu kabla ya Mfaransa yeyote. Kwenye miamba ya Mwela karibu na Kasama kuna michoro ya kale ya mistari na maumbo, isiyo na chini wala juu. Wabemba wa kaskazini mwa Zambia walikuwa na mbusa za chisungu, mafunzo ya wasichana: vinyago vya udongo na michoro ukutani iliyopakwa nyeupe, nyekundu na nyeusi, kazi ya wanawake, ambayo Audrey Richards aliishuhudia mwaka 1931 na kuiandika katika kitabu chake cha 1956. Baadhi ya vifaa hivyo viko leo kwenye Makumbusho ya Moto Moto, Mbala. Upande wa Katanga, Albert Lubaki wa Bukama, mchonga pembe za ndovu, alikuwa akichora kwa rangi za maji miaka 20 kabla ya Hangar, na kazi zake zilionyeshwa Brussels mwaka 1929. Romain-Desfossés alileta karatasi, wanunuzi na ulinzi fulani. Namna ya kuujaza uso wa picha hakuileta yeye, ilikuwepo kwenye kuta za nchi.

Kuhusu soko, mtu anaweza kuuliza kama Pilipili hakujirudia. Alijirudia. Mchoraji anayeishi kwa kuuza atachora tena kile kilichouzwa jana, na katika miaka mingi ya kazi yake kuna ndege na samaki ambao mkono ulikuwa umeshawazoea mno. Tunaijua hali hii vizuri kutokana na Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 Dar es Salaam kuchora wanyama kwenye mbao za mraba kwa rangi ya kupakia baiskeli, na baadhi ya watafiti wanaona kwamba picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa mjini humo zilimfungulia njia. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake ukawa kazi ya mamia ya watu. Kurudia kunapunguza thamani ya picha moja moja, lakini hakufuti kilichogunduliwa. Na kwa Pilipili kilichogunduliwa kilikuwa namna ya kuonyesha kwamba uhai wa mahali ni wingi, na kwamba wingi huo una mpangilio. Hata zile picha dhaifu zina jambo hilo ndani yake.

Linabaki pingamizi ambalo naliona kuwa gumu kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa watu wa Lubumbashi wenyewe. Picha za Pilipili zilinunuliwa sana na Wazungu. Miaka ya 1970 wafanyakazi wa machimbo na makarani waliponunua picha za kutundika sebuleni, walinunua kutoka kwa wachoraji wa mtaani waliochora juu ya magunia ya unga yaliyotandazwa na kupakwa rangi, na moja ya picha zilizopendwa ilikuwa mandhari yenye upeo: kijiji kando ya maji, nyumba za nyasi, miti, mtumbwi, anga la jioni. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947 na anayefahamika kwa picha zipatazo 100 za historia ya Zaire alizomchorea Johannes Fabian mwaka 1973 na 1974, alitoka kwenye soko hilohilo. Walioandika juu ya uchoraji huo wanatueleza kwamba picha hizo zilinunuliwa ili zimkumbushe mtu jambo na zianzishe mazungumzo nyumbani. Kwa hiyo mwenye kupinga atasema: watu walipochagua kwa fedha yao, walichagua machweo, wakamwachia mgeni samaki wenye vitone. Utasemaje kwamba Pilipili ndiye mchoraji wa nchi yao?

Nalikubali nusu. Ni kweli kwamba mandhari yenye upeo haikubaki mali ya msafiri wa Kizungu. Watu wa Katanga waliichukua wakaifanya yao, na hakuna anayeweza kuwanyang'anya. Lakini tuangalie aliyeinunua alikuwa nani. Alikuwa mtu aliyeacha kijiji akaenda kwenye shaba, akalipwa mshahara, akala samaki aliyeletwa na lori. Kijiji kile kando ya maji kilikuwa mbali naye, na picha ilikionyesha kikiwa mbali, kidogo, kimetulia, pasipo mtu anayemdai kitu. Upeo wa macho unamfaa aliyeondoka, kama ulivyomfaa anayepita. Dardenne na mchimba shaba wa 1974 walikuwa na hali tofauti kabisa mbele ya sheria na mbele ya fedha, na bado wote wawili waliitazama nchi ya ziwa kutoka nje. Picha ya ukumbusho ina haki yake na uzito wake. Ila ukumbusho unataka mahali pasibadilike, na hilo ndilo linaloifanya ishindwe kutueleza habari za mpumbu.

Hapo ndipo thamani ya kazi ya Pilipili inapoonekana wazi kwa mtu wa Nchelenge. Chukua picha ya aina yake na uondoe samaki mmoja. Pengo linaonekana papo hapo, kwa kuwa kila kiumbe kimeshikana na kingine na hakuna anga wala maji matupu ya kulificha. Ondoa samaki wote wa mpumbu kwenye mandhari ya machweo, na hakuna kitakachobadilika, kwa sababu hawakuwemo tangu mwanzo. Miaka ileile ambayo Hangar ilikuwa ikifanya kazi, kati ya 1946 na 1954, ndiyo misafara ya mpumbu ilipokuwa ikifikia mwisho wake, na sehemu ya samaki hao ilikwenda kuulisha mji uleule ambao karakana ilikuwemo. Hakuna haja ya kudai kwamba wachoraji walilijua hilo au walilipigia kelele. Inatosha kuona kwamba palikuwa na namna ya kuchora ambayo ingeweza kulionyesha, na ambayo nchi iliiweka kando na kuiita mapambo.

Leo kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wapate kutaga, na ufukoni mwa Nchelenge na Kashikishi watu hulalamika, baadhi kwa haki kabisa, maana njaa ya nyumbani haisubiri Machi, na upande wa pili wa ziwa sheria haijawa moja na ya huku daima. Katika mabishano hayo kinachogombaniwa hakionekani kwa macho: mayai kwenye matete, chisense wasiomaliza mwaka mmoja wa maisha, pale anayelinda makinda yake mdomoni. Maofisa huja na takwimu, wavuvi huja na waliyoyaona kwenye nyavu, na kila upande unaona mwenzake anasema kitu kisicho na umbo. Mchoraji kijana wa Nchelenge anayetaka kuchora nyumbani kwake anayo kazi hapo, na mfano wa kuuanzia anao ng'ambo ya maji. Makumbusho ya Lubumbashi yako mwendo wa siku moja kutoka Kasenga, Moto Moto iko Mbala katika nchi yake mwenyewe, na mwaka 2015 picha za Hangar zilipelekwa Paris kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyoandaliwa na Fondation Cartier. Paris ni mbali mno kwa picha hizo kuonekana na wale ambao zingewafaa kwanza. Maonyesho machache ya nakala nzuri, kwenye ukumbi wa shule au wa halmashauri ya wilaya, wakati wa miezi mitatu ambayo nyavu zimeanikwa na watu wana nafasi, yangegharimu kidogo kuliko injini moja ya boti.